Dodgers, kikosi kipana na pesa za usajili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Shohei Ohtani, nyota wa Japani anayerusha na kupiga, asaini klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers Desemba 2023, Waswahili wengi wameanza kufuatilia besiboli, na kila ligi inapofungwa maswali huwa yale yale. Hapa yamekusanywa pamoja. Kama ndiyo kwanza unaanza, soma kutoka juu. Kama umekuja kuuliza habari za dola milioni 700, shuka moja kwa moja kwenye sehemu ya pesa.

## Mambo ya msingi

Usajili unafunguliwa lini na kufungwa lini?

Unafunguliwa World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikiisha, mwanzoni mwa Novemba. Kufungwa, haufungwi. Mchezaji huru anaweza kusaini Desemba, anaweza kusaini Mei mechi zikiwa zimeshika kasi. Blake Snell, mrushaji aliyetoka kutwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, alikaa bila timu mpaka Machi 2024, San Francisco Giants wakamchukua siku chache kabla ya msimu kuanza. Safari iliyofuata hakusubiri: Novemba 2024 alisaini Dodgers miaka 5 kwa dola milioni 182.

Chenye mwisho ni kubadilishana wachezaji. Dirisha hilo hufungwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti.

Mbona sisikii ada ya uhamisho kama kwenye mpira wa miguu?

Kwa sababu kwa kawaida klabu za Marekani haziuziani wachezaji kwa pesa, zinabadilishana mtu kwa mtu. Dodgers walipomtaka Tyler Glasnow wa Tampa Bay Rays Desemba 2023, waliwapa Rays mrushaji kijana Ryan Pepiot na Jonny DeLuca wa nyuma ya uwanja. Rays hawana pesa za kumlipa nyota akishakomaa, kwa hiyo humtoa mapema na kuchukua vijana wa mshahara mdogo.

Japani ni habari nyingine. Mchezaji akiruhusiwa kuondoka kabla mkataba haujaisha, klabu yake inalipwa kwa asilimia. Orix Buffaloes walipata takriban dola milioni 50.6 kwa Yoshinobu Yamamoto, na hizo ni nje ya milioni 325 za mchezaji mwenyewe kwa miaka 12.

Timu inaruhusiwa wachezaji wangapi?

Kuna orodha mbili. Kikosi cha mechi ni watu 26, na Septemba wanaongezeka kuwa 28. Juu yake ipo orodha ya watu 40, yaani hao 26 pamoja na wengine ambao klabu inawamiliki kikamilifu lakini wengi wao wapo ligi ndogo, yaani ligi za ngazi ya chini ambako klabu hulea wachezaji. Asiye kwenye orodha ya 40 hawezi kuitwa timu kubwa mpaka apatiwe nafasi, na kumpatia nafasi mara nyingi ni kumtema mwingine.

Katika wale 26, warushaji hawazidi 13. Ohtani ameipa Dodgers upenyo hapo. Tazama swali lake chini.

## Kina cha kikosi

Watu wakisema Dodgers wana kikosi kipana, wanamaanisha nini?

Wengi wanadhani ni wingi wa majina makubwa. Sivyo. Kikosi kipana kinapimwa kwa mtu wa 27 hadi wa 40, wale ambao jina lao hulijui mpaka siku nyota anapoumia.

Chukua 2025. Snell alicheza mechi mbili mwanzoni, bega likamsumbua, akarudi Agosti. Glasnow alitoka mwishoni mwa Aprili akarudi Julai. Roki Sasaki, kijana aliyegombewa na karibu kila klabu, aliwekwa kando Mei. Ohtani mwenyewe hakupanda kilimani, pale anaposimama mrushaji, mpaka Juni, maana alikuwa bado anatoka kwenye upasuaji wa kiwiko wa 2023. Katika warushaji wote waliosajiliwa kwa pesa nyingi, ni Yamamoto peke yake aliyekula msimu mzima. Timu nyingine ingezama. Dodgers walishinda mechi 93 wakachukua ubingwa wa kundi lao, na ilipofika Oktoba wote wanne, Snell, Yamamoto, Glasnow na Ohtani, walikuwa wazima.

Kisha ikaja mechi ya tatu ya World Series dhidi ya Toronto Blue Jays. Ilikwenda awamu 18, mara mbili ya mechi ya kawaida. Warushaji wakaisha benchi, akabaki Will Klein, mtu ambaye Dodgers walimpata katikati ya msimu kutoka Seattle Mariners kwa ubadilishanaji ambao karibu hakuna aliyeutilia maanani. Akarusha awamu nne bila kuruhusu pointi, Freddie Freeman akamaliza kazi kwa homu rani, yaani pigo linaloruka nje ya uwanja, Dodgers wakashinda 6–5. Ukiniuliza mimi, usajili wa Klein ulikuwa na uzito kuliko nusu ya mikataba iliyotangazwa kwa mbwembwe majira yale ya baridi.

Mchezaji akishushwa ligi ndogo ndiyo ametemwa?

Hapana, ni kama kurudishwa timu ya akiba. Kila mchezaji ana misimu mitatu ambamo klabu inaweza kumpandisha na kumshusha bila kumpoteza, ingawa msimu mmoja hashushwi zaidi ya mara tano. Warushaji wa kuingia katikati ya mechi ndio wanaoishi maisha haya: leo Los Angeles, kesho kutwa Oklahoma City ilipo timu ya ngazi ya juu kabisa katika ligi ndogo za Dodgers, wiki ijayo Los Angeles tena.

Misimu hiyo mitatu ikiisha, huwezi kumshusha bila kumpitisha kwanza mbele ya klabu nyingine zote. Ndiyo maana utaona wachezaji wawili wa kiwango kimoja, mmoja anabaki na mwingine anatemwa. Aliyebaki si lazima awe bora. Pengine ndiye ambaye hashushiki.

Na kutemwa kwenyewe kukoje?

Klabu inamwondoa kwenye orodha ya 40 na inapata siku saba za kuamua: imbadilishe na klabu nyingine, imwache huru, au imweke sokoni nyingine zimchukue bure. Asipochukuliwa, inaweza kumpeleka ligi ndogo, ingawa mkongwe ana haki ya kukataa.

Majeruhi anahesabiwa kwenye kikosi?

Akiwekwa kwenye orodha ya majeruhi, nafasi yake kati ya 26 inakuwa wazi. Mpigaji anakaa nje siku 10 kwa uchache, mrushaji 15. Ipo pia orodha ya siku 60, na hiyo inafungua hata nafasi ya orodha ya 40. Klabu yenye majeruhi wengi wa muda mrefu, kwa hiyo, inamiliki watu wengi zaidi ya 40. Dodgers wanaijua hesabu hii kama sala.

Ohtani anahesabiwa mrushaji au mpigaji?

Vyote viwili, na hapo ndipo pana utamu. Kanuni inamtambua kama mchezaji wa pande mbili, hivyo haingizwi kwenye ukomo wa warushaji 13. Dodgers wanaweza kuwa na warushaji 13 wengine pamoja na yeye. Mtu mmoja, nafasi moja, kazi mbili.

Tommy Edman anafanya jambo kama hilo kwa kiasi kidogo. Alikuja Julai 2024, akacheza katikati ya uwanja wa nyuma na pia mbele kati ya besi ya pili na ya tatu, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya National League, moja ya nusu mbili za ligi, mwaka huo. Mtu anayeziba mapengo matatu anakuachia nafasi mbili za kufanyia mengine, na Dodgers walimwongezea miaka 5 kwa dola milioni 74.

Klabu tajiri inaweza kuficha vijana wote ligi ndogo?

Haiwezi. Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini yake, baada ya misimu mitano lazima aingizwe orodha ya 40, la sivyo klabu nyingine inaweza kumchukua kila Desemba kwa dola 100,000. Aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi, misimu minne. Anayemchukua analazimika kumweka kwenye kikosi cha mechi msimu mzima au kumrudisha kwa mwenyewe kwa nusu ya pesa.

## Thamani ya mchezaji

WAR ni nini? Kila mtu anaitaja.

Ni hesabu ya ushindi ambao mchezaji ameiletea timu yake zaidi ya ule ambao angeuleta mtu wa kawaida tu, anayepatikana wakati wowote kwa mshahara wa chini. Msingi wa hesabu ni huyo mtu wa kawaida. Timu ya watu wa namna hiyo watupu inakadiriwa kushinda kama mechi 48 kati ya 162. Ukitaka kushinda 95, wachezaji wako kwa jumla wakuletee ushindi 47 wa ziada.

Tovuti za takwimu FanGraphs na Baseball-Reference kila moja ina kanuni yake, na kwa warushaji zinaweza kutofautiana sana. Usigombane na mtu baa kwa sababu ya nusu ya WAR.

Kumbuka pia kwamba WAR inampima kwa mtu wa kufikirika. Klabu inampima kwa mtu halisi. Mdakaji wa ushindi tatu ana thamani kubwa pale ambapo nyuma yake hakuna kitu, na thamani ndogo pale ambapo kuna kijana wa ushindi mbili na nusu anayesubiri Oklahoma City.

Kwa nini kijana analipwa kidogo hata akicheza kuliko nyota?

Kwa sababu ya miaka ya utumishi. Mwaka mmoja unahesabiwa kwa siku 172 kwenye timu kubwa. Miaka mitatu ya kwanza klabu inamlipa inavyotaka, mradi isiwe chini ya kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Kisha miaka mitatu ya usuluhishi: mchezaji anataja kiasi chake, klabu inataja chake, na wakishindwa kuelewana wasuluhishi wanachagua kimoja bila kugawanya katikati. Akitimiza miaka sita anakuwa huru.

Andy Pages alipiga homu rani 27 mwaka 2025 akiwa bado kwenye miaka ile ya kwanza. Kwenye soko huria, mpigaji wa namna hiyo angegharimu mamilioni mengi kwa mwaka. Ukijiuliza Dodgers wanapata wapi ubavu wa kumlipa Snell, sehemu ya jibu ni Pages.

Ni kweli klabu huwachelewesha vijana makusudi?

Imetokea. Mfano unaotajwa sana ni Kris Bryant wa Chicago Cubs mwaka 2015. Alipandishwa msimu ukiwa umeshaanza, akamaliza na siku 171, pungufu ya siku moja tu. Cubs wakapata mwaka mwingine mzima wa kummiliki. Alilalamika rasmi na akashindwa. Tangu mkataba wa ligi wa 2022, kijana akimaliza nafasi mbili za juu katika kura za mchezaji bora chipukizi anapewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia. Klabu, zenyewe, hulipwa nafasi ya ziada katika zoezi la kila mwaka la kuchagua vijana zikimwanzisha mapema akafanya vizuri.

## Pesa na kodi

Kuna ukomo wa mishahara?

Hakuna. Kuna kodi. Kwa 2025 mstari wa kwanza wa jumla ya mishahara ulikuwa dola milioni 241. Ukiuvuka mara ya kwanza unalipa asilimia 20 ya kile kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu na kuendelea 50. Juu yake kuna nyongeza kadiri unavyopanda, na ukifika milioni 301 nyongeza ni asilimia 60.

Piga hesabu. Dodgers wamevuka kila mwaka tangu 2021, kwa hiyo kila dola juu ya mstari wa mwisho inatozwa asilimia 110. Mchezaji wa milioni 10 anawagharimu milioni 21. Kodi yao ya 2024 peke yake ilikuwa takriban dola milioni 103.

Ipo na adhabu isiyo ya pesa: ukivuka kwa milioni 40 au zaidi, nafasi yako ya kwanza ya kuchagua vijana inasogezwa nyuma nafasi 10.

Ohtani kweli analipwa milioni 700?

Ndiyo, ila si sasa. Mkataba ni wa miaka 10. Kila mwaka anapokea dola milioni 2, na milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, milioni 68 kila mwaka, bila riba. Kwa kuwa pesa ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwenye kodi anahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka badala ya 70.

Watu wanaita ujanja. Kuiita hila si sawa, maana kanuni inaruhusu klabu yoyote, na klabu inatakiwa kutenga fedha za deni hilo mapema. New York Mets wanamlipa Bobby Bonilla zaidi kidogo ya dola milioni 1.19 kila Julai 1, tangu 2011 hadi 2035, kwa sababu mwaka 2000 waliona heri kuahirisha milioni 5.9 kwa riba ya asilimia 8. Tofauti ni kwamba Ohtani hakudai riba, na ni wachezaji wachache wenye mapato ya matangazo ya kuwatosha kusubiri hivyo.

Kuna kifungu kimoja watu hukisahau: Mark Walter, mmiliki, au Andrew Friedman, mkuu wa usajili, akiondoka, Ohtani ana haki ya kuuvunja mkataba.

Sasaki alipata milioni 6.5 tu na Yamamoto 325. Imekuwaje?

Umri. Mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 25 anahesabiwa chipukizi, na kila klabu ina mfuko maalumu wenye ukomo kwa ajili ya hao. Yamamoto alikuwa na 25, akaenda sokoni. Sasaki alikuja Januari 2025 akiwa na 23; angesubiri miaka miwili angepata mara nyingi zaidi. Kwa Dodgers ilikuwa zawadi: pesa haikuwa na la kusema, klabu zilikaribiana, na wao wakashinda kwa sifa.

Katika soko hilo la chipukizi wa kimataifa ndimo Dodgers walimowasaini Ben Serunkuma na Umar Male kutoka Uganda mwaka 2022, wote warushaji, wakaanzia ngazi ya chini kabisa. Wasomaji wa Kampala huuliza habari zao mara kwa mara, na wana haki.

Nini maana ya ofa ya mwaka mmoja ambayo nyota huikataa?

Klabu inaweza kumpa mchezaji wake anayekuwa huru mkataba wa mwaka mmoja kwa wastani wa mishahara 125 mikubwa zaidi ya ligi. Majira ya baridi ya 2024 ilikuwa dola milioni 21.05. Akikataa akaenda kwingine, anayemsajili anapoteza nafasi za kuchagua vijana, na mlipa kodi anapoteza zaidi. Teoscar Hernández aliikataa ya Dodgers, kisha akarudi kwao kwa miaka 3, milioni 66. Wachezaji wa daraja la kati ndio wanaoumia, kwa kuwa hakuna anayetaka kupoteza kijana kwa ajili yao.

## Maswali magumu

Kwa hiyo pesa hununua ubingwa?

Zingekuwa zinanunua, Mets wangekuwa na makabati yamejaa. Mwaka 2023 walivunja rekodi ya mishahara wakashinda mechi 75, wakamtoa Max Scherzer na Justin Verlander kabla msimu haujaisha. Desemba 2024 wakampa Juan Soto miaka 15, dola milioni 765, na 2025 hawakufika hata hatua ya mtoano. Milwaukee Brewers, wenye mfuko mdogo mno, walishinda mechi 97 mwaka huo huo, nyingi kuliko timu yoyote.

Kisha Dodgers wakawafunga Brewers 4–0 kwenye fainali ya National League. Kwa hiyo jibu langu ni hili: pesa inanunua ruhusa ya kukosea. Dodgers walimlipa Michael Conforto milioni 17 kwa 2025, wastani wake wa kupiga ukawa .199, ambao ni duni, na hakuwekwa kwenye kikosi cha mtoano. Tanner Scott alisaini kwa milioni 72 kumalizia mechi, akaziharibu nyingi, na World Series hakucheza kabisa. Kazi yake akaichukua Sasaki, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuwa mmaliziaji. Brewers wakikosea milioni 17, msimu umekwisha. Dodgers wakikosea, wanafungua mlango mwingine.

Mchezaji aliyeshindwa anaweza kukatwa mshahara?

La. Mikataba ya ligi kubwa kwa kawaida imehakikishwa. Ukimtema leo, unamlipa mpaka mwisho, na akisaini kwingine hao wapya wanatoa kima cha chini tu.

Je, kuna Dodgers waliookotwa tu?

Wapo, na ndio wanaonifurahisha kuliko wote. Max Muncy alitemwa na Oakland Athletics 2017, Dodgers wakampa mkataba wa ligi ndogo. Justin Turner aliingia kwa mlango huo huo 2014. Miguel Rojas, aliyesawazisha mechi ya saba ya World Series ya 2025 katika awamu ya tisa, hakuwahi kuwa mpigaji wa kuogopwa. Alibakizwa kwa sababu ya glovu yake, yaani ustadi wa kudaka na kulinda.

Mfumo huu utabadilika?

Mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026. Wamiliki wa klabu ndogo wanataka ukomo wa mishahara, chama kimeukataa kwa miongo. Mwaka 1994 ugomvi wa aina hii ulifuta World Series nzima. Dodgers wameshafunga mikataba inayovuka tarehe hiyo kwa miaka mingi, na milioni 68 za kwanza za Ohtani zitadaiwa 2034 kanuni ziwe zipi.